Msafara mkubwa na chungu chako: kabla hujathibitisha chuo

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, maduka ya steshenari ya Tabora mjini hujaa watu. Mwaka huu nilikaa kwenye benchi la duka mojawapo, jirani na soko kuu, nikisubiri zamu yangu ya kutoa nakala. Mbele yangu walikuwa binti na mjomba wake. Binti amechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja ni kikubwa, cha maelfu ya wanafunzi, mbali na nyumbani. Kingine ni kidogo, unafika kwa bajaji. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu. Namba ilikuwa imeshaingia. Kijana wa duka alikuwa ameshafungua ukurasa, vidole viko juu ya kibodi, anasubiri kuambiwa.

"Thibitisha hicho kikubwa, mama," mjomba alisema. "Hata mtu akiuliza unasoma wapi, ukitaja jina linajulikana."

Binti aliitazama simu, kisha akamtazama mjomba. "Sawa, mjomba. Lakini huko nitakuwa na nani?"

Mjomba hakuwa na jibu, na kijana wa duka akaondoa vidole kwenye kibodi.

Nimeibeba sauti ya binti yule tangu siku hiyo. Naamini aliuliza swali ambalo sisi wazazi, walezi na walimu tunalikwepa kila mwaka. Tunawauliza watoto wetu wamepata chuo gani, kozi gani, mkopo asilimia ngapi. Hatuwaulizi kama wao, kwa tabia na hali zao, wanafaa kuishi miaka mitatu au minne mahali penye watu wengi kuliko kata nzima waliyokulia. Tumezoea kuamini kwamba chuo kikubwa ni ushindi na chuo kidogo ni faraja ya aliyekosa. Imani hiyo ni potofu, na imewagharimu vijana wengi wenye akili.

Tabora ina haki ya kulizungumzia jambo hili, kwa sababu ni mji uliojengwa na safari kubwa. Kabla ya reli, hapa palikuwa njia panda ya misafara. Wageni wa karne ya 19 walipaandika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika hapa baada ya kama miezi mitatu njiani, ukapumzika, ukapanga upya mizigo. Kutoka hapa njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani kama frasila mbili, karibu kilo 32, na kazi hiyo aliijua kama fundi anavyoijua fani yake.

Wapagazi hao walijua faida na hasara za ukubwa. Msafara wa watu elfu ulikuwa na ulinzi. Ulipofika kwa watawala wa Ugogo waliotoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ulikuwa na sauti ya kujadiliana. Lakini msafara huohuo ulifika kisimani ukakausha maji kabla wa mwisho hawajanywa. Chakula cha kijiji hakikuwatosha. Ndui ikiingia, ilienea haraka. Tena mtu mmoja akiachwa nyuma na homa, kirangozi aliyekuwa mbele na bendera hakuweza kujua. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, hakuwapeleka watu wake wote kwa pamoja. Aliwagawa katika misafara mitano.

Wapagazi wenyewe walikuwa na dawa ya zamani zaidi. Ndani ya ule msafara mkubwa walijigawa katika kambi ndogondogo za watu wachache waliokula chungu kimoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, wa tatu alipika, wa nne aliandaa kibanda cha kulala. Jioni, chungu kilipoepuliwa na mtu mmoja hayupo, wenzake walijua. Msafara ulimfikisha mtu mbali, na chungu kilimfikisha akiwa hai.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kuhusu vyuo. Chuo kikubwa ni msafara mkubwa. Kinakufaa ikiwa kinakwenda unakokwenda wewe, na ikiwa unaweza kujitafutia chungu ndani yake. Moja likikosekana, fikiri mara mbili.

Tukumbuke kwanza kwamba ukubwa huu ni jambo jipya kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, juu ya vilima vya Chimwaga, katika nchi ileile ya Ugogo ambako misafara ilitoa hongo. UDOM kilipangwa tangu mwanzo kiweze kupokea wanafunzi 40,000. Kutoka 14 hadi mpango wa 40,000 ni safari ya miaka 46, chini ya umri wa mtu mmoja. Babu zetu hawakuwa na la kutuusia kuhusu maisha ya kampasi ya namna hiyo. Tunajifunza tukiwa tunatembea.

Ukubwa una neema zake, na nitakuwa mwongo nikizificha. Kuna kozi ambazo huzipati katika vyuo vidogo: jiolojia, uhandisi wa aina nyingi, lugha za kigeni, fani zinazohitaji maabara za gharama. Kuna maktaba. Ile maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, ina nafasi ya vitabu 800,000. Kuna watu pia, na hiyo ndiyo neema iliyo kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Mlimani palikutana walimu na wanafunzi kutoka kila pembe. Walter Rodney wa Guyana alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa mwalimu pale. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alisoma pale kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, akaongoza kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Kijana wa Sikonge au Kaliua anayekaa meza moja na wenzake wa Pemba, Tarime na Newala anapata elimu isiyoandikwa kwenye cheti. Nchi yetu imeunganishwa kwa kiasi kikubwa na mabweni ya shule na vyuo, na sitaki mtu yeyote aipoteze tunu hiyo.

Lakini watu hao Mlimani hawakuwa halaiki. Kikundi cha Museveni kilikuwa cha vijana wachache waliojuana kwa majina na kukutana mara kwa mara. Kile walichokipata katika chuo, walikipata ndani ya duara dogo.

Mfano wa nyumbani ni bora zaidi. Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943. Kule Uganda, akiwa na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, alianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Walianza na kikao cha vijana wachache waliokuwa mbali na nyumbani, wakasemezana kuhusu nchi yao. Baada ya Makerere, Nyerere alirudi hapahapa Tabora kufundisha Baiolojia na Kiingereza katika shule ya St. Mary's ya Wamisionari wa Afrika, na Tibandebage alikuwa mwalimu pale pia. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952. Ukiitazama safari ile, utaona taasisi ndogo na kubwa, Tabora, Kampala na Uskoti. Kinachoonekana mapema ni wale wenzake wa chungu.

Nami nina ushahidi wangu mwenyewe. Nilisoma katika chuo kikubwa, nikitokea shule ambako mwalimu wa zamu alikuwa anajua hadi jina la baba yangu. Muhula wa kwanza tulikuwa na somo la lazima lililochukuliwa na mamia. Ukifika dakika tano kabla ya kipindi, unakaa kwenye ngazi au unasimama dirishani na daftari umelibandika ukutani. Mhadhiri alionekana mdogo kama picha, na spika ilikuwa inakoroma. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono. Wiki ya sita nikaugua malaria. Nililala siku tisa katika chumba nilimobebwa, yaani nikigawana kitanda na mtu niliyemfahamu kwa mbali, kwa sababu sikuwa nimepata kitanda cha kwangu. Mwenyeji wangu alikuwa anatoka alfajiri na kurudi usiku. Niliporudi darasani hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Jaribio lilikuwa limeshapita. Nilisimama nje ya ukumbi ule, watu wakipita kushoto na kulia kwangu, nikatambua kwamba ningeweza kufa na jina langu likaendelea kuwepo kwenye orodha.

Kilichoniokoa ni kimbweta. Msomaji ambaye hakupita vyuoni aelewe kwamba kimbweta ni meza ya zege na viti vyake, imejengwa nje chini ya mti, wanafunzi hukaa hapo kujisomea. Chini ya mwembe mmoja palikuwa na kimbweta ambacho vijana wanne walikuwa wanakikalia kila jioni: wawili wa Kigoma, mmoja wa Mtwara, mmoja wa Singida. Niliwaomba desa, yaani maandishi, la vipindi nilivyokosa. Wakanipa, kisha yule wa Singida akasema, "Kaa basi, tunaanza." Nikakaa. Wiki mbili baadaye nilichelewa robo saa, simu ikaita: "Uko wapi, mbona hatukuoni?" Sijasahau faraja ya swali lile. Chuo hakikuwa kimepungua hata mwanafunzi mmoja, ila mimi nilikuwa nimepata mahali ambapo nikikosekana, pengo linaonekana. Niliupita mwaka ule kwa sapu moja, yaani mtihani mmoja wa kurudia, ambayo bila wale wanne ingekuwa kudisko, kuondolewa chuoni.

Ndiyo maana nasema shida ya kampasi kubwa haimo katika ukubwa wa viwanja vyake. Iko katika ukweli kwamba chungu hupewi. Unajitafutia. Na si kila kijana wa miaka 19 anaijua kazi hiyo. Wapo wanaoweza kumsogelea mtu wasiyemjua na kusema "naomba kukaa". Wapo pia wengine, wenye akili kali pengine kuliko hao, ambao wakikosa mtu wa kuwaita kwa jina hunyamaza, na ukimya wao haumsumbui mtu hadi matokeo yanapobandikwa. Shuleni walifaulu kwa sababu mwalimu aliwafuata. Chuoni mwalimu hakufuati.

Sasa tuje kwenye vyuo vidogo. Ukiifuata njia ya misafara leo, utakuta elimu imepangwa juu yake kama vituo. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Dodoma ipo UDOM. Hapa Tabora tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, ambacho ni tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Tuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho watu wa makamo bado wanakiita Uhazili. Tuna Chuo cha Reli na Chuo cha Ufugaji Nyuki, katika mkoa ambao asali yake inajulikana nchi nzima. Kigoma, mwisho wa njia, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinapata kampasi yake.

Vyuo hivi vya njiani si makapi. Hata serikali yenyewe imekuwa ikifanya alichofanya Stanley, kuugawa msafara. Kitivo cha Kilimo cha Mlimani kilichokuwa Morogoro kilijitenga mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa. Mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi vikasimama vyenyewe. Sasa kampasi mpya zinajengwa mikoani kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mikoa ya Lindi na Kagera. Kama wenye vyuo wameona kwamba kuna mambo yanakwenda vizuri zaidi katika msafara mdogo, kwa nini sisi majumbani tuendelee kumwona kijana anayesoma chuo kidogo kama aliyeshindwa?

Katika chuo kidogo mhadhiri anakujua wiki ya tatu. Ukishindwa jaribio anakuuliza. Ukitaka barua ya kukuombea kazi au masomo ya juu, anaandika habari za mtu anayemfahamu. Nafasi za uongozi, klabu na midahalo hazigombewi na maelfu. Mtoto mpole anapata nafasi ya kusimama mbele ya watu mara ya kwanza bila kumezwa.

Hata hivyo udogo nao una mitego. Vipo vyuo vidogo ambavyo ni vidogo kwa sababu havina walimu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na wazazi wengi wakahangaika. Kwa hiyo kabla hujakipenda chuo kwa sababu kipo karibu, soma kitabu cha mwongozo wa udahili wa TCU, uone kama kozi yako imeidhinishwa. Kisha nenda ukaulize kwa miguu yako: wahadhiri wa kudumu wa kozi hii ni wangapi? Maabara inafanya kazi? Waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi?

Kuna mtego mwingine ambao hatuusemi, nao unawahusu zaidi mabinti. Kusoma ukiwa nyumbani kunapunguza gharama ya chumba na chakula, lakini kuna bei yake. Kijana wa kiume akirudi kutoka chuoni hupewa nafasi ajisomee. Binti akirudi hukuta mtoto wa kubembeleza, maji ya kuteka na jiko linamsubiri. Mchana ni mwanafunzi, jioni ni mfanyakazi wa nyumba. Mzazi anayemchagulia binti chuo cha karibu "ili tumwone" ajiulize kama anampa nafasi ya kusoma au anamhamishia mzigo. Ikiwa jibu ni la pili, basi chumba chenye watu sita katika kampasi ya mbali kitamfaa zaidi kuliko chumba chake mwenyewe nyumbani.

Ndipo linakuja suala la kitanda na fedha, ambalo katika vyuo vikubwa huamua mengi. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli kule Mlimani zenye nafasi 3,840, na zilisaidia sana. Hata hivyo bado wapo wanafunzi wanaopanga Sinza, Ubungo na Changanyikeni, na wapo wanaobebana, wawili kwenye kitanda cha mmoja. UDOM mabweni ni mengi, lakini ndaki zimetawanyika vilimani, na umbali wenyewe unataka nauli na muda. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, linasaidia, ila kwa waliopata, na siku za kusubiri lisainiwe ni ndefu kwa mtu asiye na ndugu mjini. Mzazi wa Urambo anayeuza tumbaku anajua kwamba pesa yake ina msimu. Kodi ya chumba haina msimu. Mahesabu hayo yafanyike mezani kabla ya kuthibitisha, na kijana mwenyewe awepo, aone tarakimu.

Ukiniuliza basi kijana aamueje, nitamwambia aanze na kozi, si na jina la chuo. Kama unataka fani ambayo inafundishwa vizuri mahali pamoja au pawili tu, na pote ni pakubwa, mjadala wa ukubwa umekwisha: nenda, ukajifunze kuishi huko. Lakini kama unataka ualimu, sheria, biashara au sosholojia, kozi zilizopo katika vyuo vingi, una uhuru wa kuchagua, na hapo ndipo ujipime.

Jipime kwa mambo uliyokwisha kuyafanya, usijipime kwa yale unayotamani kuwa. Kidato cha sita, ulipokwama katika hesabu, ulimfuata mwalimu au ulisubiri akuone? Ulipohamia shule mpya, ulipata rafiki baada ya siku ngapi? Ukiugua unasema, au unajifunika shuka? Kama wewe ni mtu wa kuuliza, chuo kikubwa kitakupa kwa kadiri utakavyochota. Kama wewe ni mtu wa kusubiri, huna dosari, lakini unahitaji mahali ambapo watu wachache watakuona, au unahitaji kwenda kwenye msafara mkubwa ukiwa na mpango kamili wa chungu chako. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na katika kampasi ya maelfu kuuliza ndiyo njia ya kuonekana.

Mpango wa chungu si jambo gumu. Kabla ya kuondoka Tabora, pata namba za watu wawili walio mwaka wa pili au wa tatu katika kozi yako hiyohiyo. Chuo kizima cha marafiki hakitakusaidia kama hakuna anayejua ratiba yako. Wiki ya kwanza tafuta kimbweta, kwaya, msikiti, timu ya mpira au chama cha wanafunzi wa mkoa wako, ukae na watu walewale kila mara hadi wakuzoee. Wiki ya pili nenda ofisini kwa mhadhiri mmoja ujitambulishe. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi ijue ilipo kabla hujaihitaji. Na zahanati pia.

Kwa wenye vyuo vikubwa nina ombi. Msijivunie idadi peke yake. Wagaweni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku ileile ya usajili, katika vikundi vya watu kumi kumi, kila kikundi kiwe na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu na mhadhiri mmoja. Wakutane mara moja kwa wiki kwa muhula mmoja. Jambo hili halihitaji jengo jipya wala mkopo wa nje. Wapagazi waliofika hapa na kilo 32 begani waliliweza bila kompyuta. Sisi wenye mifumo ya usajili tunashindwa nini?

Kwa mjomba yule, na kwa wajomba wote, naomba jambo moja. Mnawapenda watoto hawa na mnauza mazao kwa ajili yao, nanyi mna haki ya kusema. Ila jina la chuo mnalitaja ninyi barazani mara moja kwa mwezi. Kitanda chake anakilalia mtoto kila siku. Mpeni nafasi ya kuamua, na mumsaidie kwa maswali kuliko kwa amri.

Mji wetu una kumbukumbu ya kuamua. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kujadili kama waingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walikuja wakiwa wameshakataa mioyoni, kwa sababu masharti yalikuwa ya kuudhi. Walibishana, wakapima, wakaingia, na TANU ikashinda. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama chake. Tunauita Uamuzi wa Busara. Ninachojifunza kwao ni kwamba walikaa chini wakayasoma masharti jinsi yalivyo, wakatazama wanakotaka kufika, wakaweka kando fahari na hasira. Kijana mwenye namba ya kuthibitisha mkononi anadaiwa utulivu uleule.

Binti wa steshenari hakuthibitisha siku ile. Alimwomba kijana wa duka afunge ukurasa, akamwambia mjomba kwamba yupo dada mmoja waliyesoma naye shule moja, sasa yuko mwaka wa pili katika kile chuo kikubwa, atampigia jioni amuulize wanaishije. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, akalipa nakala, wakatoka. Sijui alichagua kipi, na si juu yangu kujua. Najua aliuliza kwanza.

Nawe uliye na namba hiyo kwenye simu, dirisha la kuthibitisha hufungwa kwa tarehe inayotangazwa, halifungwi leo saa kumi kwa sababu foleni ya duka ni ndefu. Chukua siku mbili. Piga simu mbili. Ukishajua utakula chungu kimoja na nani, thibitisha, na usirudi nyuma.